Wazee Safarini: Nani Anapanga, Nani Anabebwa

Wahindi wana kisa cha kijana aitwaye Shravan Kumar, kisa kinachofungamana na Ramayana. Wazazi wake walikuwa wazee, tena vipofu, na hamu iliyowabakia ilikuwa kuzuru mahali patakatifu kabla ya kufa. Kijana akatengeneza mzega, akamweka mama katika kapu moja na baba katika la pili, akautia begani, wakashika njia. Usiku mmoja alikwenda kuteka maji mtoni. Mfalme Dasharatha, aliyekuwa mawindoni, akasikia mlio wa chombo kikijaa, akadhani ni mnyama anakunywa, akafuma mshale gizani. Kijana akafa, na wazazi wakafa kwa majonzi wakiwa bado njiani.

Kisa hiki husimuliwa kumsifu mwana mwema, na sifa anastahili. Lakini ukikisoma kwa jicho la mpangaji, utaona kwamba safari ya watu watatu ilitegemea bega moja. Utaona pia kwamba wazee walioiomba safari, baada ya kuiomba, hawaamui tena lolote: wapumzike wapi, wageuke lini. Nani anapanga na nani anabebwa? Swali hilo nalipitisha hapa katika desturi chache za kuwasafirisha wazee, kwa sababu naamini sisi wa Afrika Mashariki tunawapenda wazee wetu kuliko tunavyowapangia.

Marekani mzee ameshika usukani mwenyewe. Kizazi kilichozaliwa kati ya 1946 na 1964, watoto wa baada ya Vita vya Pili vya Dunia, ndicho kinachosifika kwa safari za kustaafu, ingawa njia ilifunguliwa na waliowatangulia. Mwaka 1958 mwalimu mkuu mstaafu, Ethel Percy Andrus, alianzisha AARP, chama cha wastaafu. Mwaka uliofuata Wally Byam, mtengenezaji wa matrela ya Airstream, aliondoka Cape Town na msafara wa matrela yenye vitanda na majiko, wakapanda hadi Cairo kupitia Afrika Mashariki, na wastaafu walikuwemo. Mwaka 1975 huko New Hampshire kukazaliwa Elderhostel, mpango wa kuwalaza wazee katika mabweni ya vyuo wakati wa likizo na kuwafundisha masomo mafupi. Leo Mmarekani akitimiza miaka 62 hulipa dola 80 mara moja tu, akapata kadi ya kuingia mbuga za taifa za nchi yake maisha yake yote.

Ninachokiheshimu katika desturi hii ni kwamba mzee ndiye mwenye neno. Hakuna anayemwambia abaki nyumbani kwa sababu ana mvi. Anne Lorimor wa Arizona alifika kilele cha Kilimanjaro, mita 5,895, mwaka 2019 akiwa na miaka 89. Na maandalizi yao yana nidhamu. Medicare, bima ya afya ya wazee iliyotungiwa sheria mwaka 1965, kwa kawaida hailipi matibabu nje ya nchi, kwa hiyo msafiri makini hununua bima nyingine inayolipia hospitali na hata ndege ya kumwondoa mgonjwa porini. Dawa hukaa katika mkoba wa mkononi, ndani ya pakiti zake, pamoja na karatasi ya daktari. Insulini haiingii katika mzigo wa chini ya ndege, maana baridi ya huko yaweza kuigandisha.

Kasoro yake ni kwamba haikumwachia mzee njia ya heshima ya kufanya kidogo. Tazama ratiba wanazouziwa wageni wa kaskazini mwa Tanzania: Tarangire, Manyara, Ngorongoro, Serengeti, kisha Zanzibar, yote kwa wiki moja na ushei. Mtu wa miaka 74 anatikiswa barabarani saa sita, analala ukingoni mwa Ngorongoro, zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, ambako usiku una baridi kali, anaamshwa alfajiri, na hathubutu kusema leo nabaki kambini, kwa sababu amelipa na kundi linamsubiri. Kusema hivyo anakuona kama kukiri kwamba ameshindwa. Mshauri mwema angekata vituo kuwa viwili, akampa siku nne katika kila kimoja, akamwombea kiti cha mbele ambako mtikisiko ni mdogo. Kama kuna fedha angempandisha ndege ndogo kuliko kumpitisha barabara ya mawe, ila amwambie mapema kwamba ndege hizo nyingi zinaruhusu kilo 15 tu, tena katika begi laini. Wanyama atawaona wachache zaidi kwa orodha, lakini atawaona akiwa mzima.

Hapo ndipo Hija inapostahili kusomwa upya, hata na asiye Mwislamu, kama mpango wa safari. Sharti lake mojawapo ni uwezo; asiyeweza hadaiwi. Hadithi mashuhuri inaeleza kuwa mwanamke wa kabila la Khath'am alimwendea Mtume akamweleza kuwa faradhi imemkuta baba yake akiwa mkongwe asiyeweza kukaa juu ya mnyama, akauliza kama amhijie, akajibiwa ndiyo. Basi udhaifu wa mwili uliingizwa ndani ya sheria tangu mwanzo, haukuachwa uwe aibu ya mtu binafsi. Wazee na wanyonge wanaruhusiwa kuondoka Muzdalifa usiku kabla umati haujamiminika Mina. Asiyeweza kurusha mawe ya ibada huko Mina huwakilishwa na mwenzake. Tawafu, yaani kuizunguka Kaaba, na saayi, mwendo wa baina ya Safa na Marwa, hufanywa kwa kiti cha magurudumu, na baina ya Safa na Marwa ipo njia maalumu ya viti, jambo la neema kubwa, kwani mizunguko saba ya hapo peke yake ni zaidi ya kilomita tatu.

Maandalizi nayo yana kina ambacho bima haina. Anayekwenda Makka hulipa madeni, huandika wosia, huwaomba radhi jirani na ndugu. Anaondoka akiwa mwepesi. Natamani kila mzee anayekwea ndege, awe anakwenda kuhiji au kutalii, angeondoka hivyo.

Lakini pwani yetu imezoea kuiahirisha Hija mpaka kiinua mgongo kitoke. Mtu anaingoja fedha, na magoti hayangoji. Anapofika Makka ana sukari, ana presha, na joto la huko halina huruma: mwaka 2024, msimu ambao vipimo katika Msikiti Mtakatifu vilipita nyuzi 51, serikali ya Saudia ilitangaza vifo 1,301, na wengi wa waliokufa walikuwa wamekwenda bila kibali rasmi, kwa hiyo hawakuwa na mahema ya kivuli wala usafiri. Kibali na kundi linalotambulika si urasimu wa bure; kwa mzee ndivyo kivuli chake na gari lake. Na ruhusa zile nilizozitaja mara nyingi wazee wenyewe huzikataa. Atakuambia, nimekuja mbali, nitatupa mawe kwa mkono wangu. Kiongozi mzuri wa kundi huwakalisha wazee wake wiki kadhaa kabla ya safari, akawafahamisha kwamba kupokea ruhusa nako ni ibada, na akapanga mapema nani atamwakilisha nani. Mambo hayo yakiachwa mpaka Mina, fahari itashinda.

Wajapani wamelitatua jambo hilohilo kwa namna iliyonishangaza nilipoanza kuisoma. Kisiwa cha Shikoku kina mahekalu 88 yanayofungamana na mtawa Kukai, aliyezaliwa mwaka 774 na kufariki 835, anayeheshimiwa kwa jina la Kobo Daishi. Mzunguko mzima ni kama kilomita 1,200, wiki sita hivi kwa miguu. Ungedhani ni safari ya vijana, kumbe wengi wanaoifuata ni watu waliokwisha kustaafu. Inawezekana kwa sababu desturi inakubali vipande. Mwaka huu unatembea mkoa mmoja, unarudi nyumbani, mwakani unaanzia pale ulipoachia, na hakuna anayesema safari yako ni pungufu. Anayechoka hupanda basi. Wenyeji humpa msafiri chungwa, chai, au mahali pa kuketi, na kutoa huko ni sehemu ya ibada yao wenyewe. Kila msafiri hubeba fimbo, na fimbo hiyo huhesabiwa kuwa ni Kobo Daishi mwenyewe akitembea naye. Hivyo mzee asiye na mtu hayuko peke yake hata katika mlima mtupu.

Na kwa asiyeweza hata vipande, yapo mazunguko madogo. Nyuma ya hekalu la Ninna-ji mjini Kyoto yalijengwa mwaka 1827 mahekalu madogo 88 kilimani, mwendo wa saa mbili. Hija ya badali, kama ile aliyoiulizia mwanamke wa Khath'am, humtuma mtu mwingine kwa niaba ya mzee. Wajapani wao wameipunguza njia mpaka ikamwenea mzee mwenyewe. Siwezi kusema ipi ni bora, maana moja inalinda ukamilifu wa ibada na nyingine inalinda hatua za mtu. Zote mbili zimemwachia mzee mlango, na huo ndio mlango ninaoukosa katika ratiba ya mtalii.

India yenyewe, kwao Shravan Kumar, imeanza kuutoa mzega begani mwa mtoto. Tangu 2012 serikali ya jimbo la Madhya Pradesh imekuwa ikiwalipia wenye miaka 60 na zaidi treni za kwenda mahali patakatifu.

Nasi je? Safari kubwa ya mzee wetu siku hizi, ukiacha Hija, ni ya kwenda kwa watoto: Minnesota, London, Muscat. Mtoto ananunua tiketi, anajaza fomu za viza, anapiga simu: Mama, unaondoka tarehe kumi. Mama anajibu, haya mwanangu. Hapo tumeshamtia kapuni. Hakuna aliyemuuliza kama anataka kukaa miezi sita, wala aliyemweleza kuwa Januari ya Minnesota hatoki nje, na kuwa mchana kutwa atakuwa peke yake na mjukuu kwa sababu wote wanakwenda kazini. Hofu yake ya kuugua ugenini anaimeza, asimvunje moyo mwanawe.

Kubeba tunajua, na hilo si dogo. Familia nyingi zimegundua kuwa ukimwombea mzee kiti cha magurudumu wakati wa kukata tiketi, hata kama anatembea, mhudumu atampokea, atamvusha uhamiaji na kumfikisha mlango wa ndege inayofuata bila Kiingereza wala Kiarabu. Ifanyike kila mara. Yaliyobaki tuyachukue kwa Wamarekani bila haya. Bima inunuliwe, na isomwe inasema nini juu ya magonjwa ambayo mzee anayo tayari, kwa sababu hapo ndipo nyingi hukataa kulipa. Daktari aulizwe saa za dawa zitabadilikaje mzee akivuka majira. Katika safari ya zaidi ya saa nne ainuke atembee, anywe maji, damu isigande miguuni. Chanjo ya homa ya manjano isichukuliwe kimazoea: kwa aliyepita miaka 60 na hajawahi kuchanjwa, madhara makali ni nadra lakini yanampata zaidi kuliko kijana, na daktari anaweza kumwandikia cheti cha msamaha. Aliyewahi kuchanjwa atafute kadi yake ya zamani. Tangu 2016 inatambuliwa kwa maisha.

Kutoka Shikoku tuchukue vipande: miezi miwili mwaka huu, miwili mwakani akitaka. Kutoka kwa Hija tuchukue kikao cha kabla ya safari, mzee akiwa katikati yake, akiulizwa anachotaka kuona, nani amsindikize, na jambo gani linaweza kuachwa bila yeye kuona haya. Na tiketi iwe ile inayoruhusu kubadili tarehe, ili Mama akisema katika wiki ya tatu kwamba ametosheka, arudishwe nyumbani kwake.