Meno ya zege kwenye njia ya barafu

Titanic ilizama alfajiri ya 15 Aprili 1912, kusini mwa eneo la bahari liitwalo Grand Banks, nje ya kisiwa cha Newfoundland. Watu wapatao 1,500 walikufa. Mwaka 1914 ikaanza Doria ya Kimataifa ya Barafu, kazi yake kuwaonya manahodha. Kumbe hesabu zake za kila mwaka, za milima ya barafu inayovuka nyuzi 48 Kaskazini ikishuka kusini, zingekuja kuwafaa wahandisi wa mafuta.

Mwaka 1979 mafuta yaligunduliwa Hibernia, katika eneo hilohilo la Grand Banks, kilomita 315 kutoka mji wa St. John's kisiwani Newfoundland. Meli ikionywa hupinda. Jukwaa la mafuta halina pa kwenda. Je, litagongwa na mlima mkubwa kiasi gani, na baada ya miaka mingapi? Wastani wa hesabu za Doria ulidanganya: mwaka 1966 hakuna mlima hata mmoja uliovuka nyuzi 48, mwaka 1984 ilivuka 2,202.

Wakati hesabu ikiendelea, mawimbi yaliua kabla ya barafu. Usiku wa kuamkia 15 Februari 1982, dhoruba iliukuta mtambo wa Ocean Ranger ukichimba Hibernia. Wimbi lilivunja kidirisha cha chumba cha kuongozea matangi ya maji yanayouweka mtambo sawa. Maji ya chumvi yakaingia kwenye swichi, umeme ukavurugika, na wahudumu hawakuwa wamefundishwa vya kutosha kukabiliana na hali ile. Mtambo ulilala upande, ukazama. Wote 84 walikufa.

Barafu nayo ilibidi ipimwe kwa mkono. Mwaka 1984, huko Pond Inlet, kaskazini mwa Kanada, watafiti walichimba mahandaki ndani ya mlima wa barafu na kuzikandamiza kuta zake kwa vyuma vya mviringo. Ilionekana kwamba kadiri eneo linalogusana linavyopanuka, ndivyo shinikizo kwa kila mita ya mraba linavyopungua, kwa sababu barafu hupasuka na kusagika. Mlima mkubwa, basi, hauna nguvu isiyo na kikomo. Ukuta wa kuukabili unaweza kupigiwa hesabu.

Ukuta huo ukajengwa. Jukwaa la Hibernia, lililoanza kutoa mafuta Novemba 1997, limezungukwa na meno 16 ya zege. Linatakiwa kuhimili pigo la mlima wa tani milioni 1 bila kudhurika, na la tani milioni 6, linalotarajiwa mara moja katika miaka 10,000, kwa madhara yanayoweza kukarabatiwa.

Majirani zake walichagua kukimbia. Terra Nova (2002) na SeaRose (2005) ni meli za kuzalisha mafuta zinazoweza kujitenganisha na visima na kuondoka. Visima vyao vimewekwa ndani ya mashimo yaliyochimbwa sakafuni mwa bahari, maana kitako cha mlima wa barafu hulima sakafu hiyo kinapopita.

Lakini kukimbia kunategemea uamuzi wa mtu. Machi 2017 mlima wa barafu ulifika mita 180 kutoka SeaRose, yenye watu 84, nayo haikujitenganisha na visima kama mpango wake wa kukabili barafu ulivyotaka. Haikugongwa. Hata hivyo, Januari 2018 mamlaka inayosimamia mafuta nje ya pwani ya Newfoundland iliisimamisha kazi. Kwa mamlaka hiyo, kunusurika hakukuwa utetezi: mpango uliandikwa ili ufuatwe.