Jino Lilivyotengwa na Mwili: Historia ya Ada ya Udaktari wa Meno

Mtu akiambiwa kwamba nchini Marekani kusomea meno 32 kunagharimu zaidi ya kusomea mwili mzima, hudhani anataniwa. Lakini ndivyo ilivyo. Mhitimu wa udaktari wa meno aliyesoma kwa mkopo huondoka chuoni akidaiwa, kwa wastani, karibu dola 300,000. Mwenzake aliyesomea udaktari wa binadamu hudaiwa takriban dola 200,000. Wote wawili kwa kawaida wamesoma miaka minne baada ya shahada ya kwanza. Katika baadhi ya vyuo binafsi, jumla ya ada, vifaa na malazi ya mwanafunzi wa meno kwa miaka hiyo minne hupita dola 500,000.

Jibu linalotolewa kwa haraka ni kwamba vifaa vya meno ni ghali. Jibu hilo si la uongo, ila halijibu swali. Mashine ya MRI ni ghali kuliko kiti chochote cha daktari wa meno, na hakuna mwanafunzi wa udaktari anayeambiwa ailipie. Mwanahistoria huuliza jambo jingine: nani aliamua kwamba kiti kilipiwe na mwanafunzi, na ile mashine ilipiwe na jamii? Uamuzi huo haukufanywa siku moja, lakini una mji ulikoanzia.

Tarehe 1 Februari 1840 Bunge la jimbo la Maryland lilitoa hati ya kuanzishwa kwa Baltimore College of Dental Surgery, chuo cha kwanza duniani kilichotoa shahada ya tiba ya meno. Waasisi wake wakuu walikuwa Horace Hayden na Chapin Harris. Kabla ya hapo kazi hii ilirithishwa kama uhunzi: kijana alikaa na fundi, akatazama, akajaribu, kisha akaenda zake kutafuta wateja. Ipo simulizi maarufu kwamba wawili hao walibisha hodi kwanza katika chuo cha udaktari cha Chuo Kikuu cha Maryland, wakaomba meno yafundishwe humo, wakakataliwa. Wanahistoria wameitafuta hati ya kukataliwa huko wasiione. Kwangu mimi jambo hilo halina uzito mkubwa, kwa kuwa wakikataliwa ama wasikataliwe, matokeo yalikuwa yale yale: jino lilitengwa na mwili. Wanafunzi watano walianza masomo Novemba 1840, wawili wakahitimu mwaka 1841, na shahada mpya ikazaliwa, DDS, yaani Daktari wa Upasuaji wa Meno. Herufi hizo tatu tutakutana nazo tena, karibu zaidi na nyumbani.

Mwaka 1867 Harvard ilifungua chuo cha meno ndani ya chuo kikuu, lakini mfano huo ulifuatwa polepole. Vyuo vingi vya meno vya karne ya 19, sawa na vingi vya udaktari, vilikuwa mali ya walimu wenyewe, na vilikula kwa ada za wanafunzi. Hadi hapo ndugu hawa wawili walikuwa maskini sawa.

Njia zilipotengana kabisa ni katika ule mji ule ule wa Baltimore. Hospitali ya Johns Hopkins ilifunguliwa mwaka 1889 na chuo chake cha udaktari mwaka 1893, vikiwa vimeunganishwa: wodi ikawa darasa, na daktari anayetibu akawa ndiye mwalimu. Abraham Flexner, alipoandika taarifa yake ya mwaka 1910 kwa Taasisi ya Carnegie, aliuchukua mfumo huo kuwa kipimo cha kupimia vyuo vyote vya udaktari vya Marekani na Kanada. Vyuo dhaifu vilifungwa. Vilivyobaki vilimiminiwa fedha, hasa na mfuko wa elimu wa Rockefeller, kwa makumi ya mamilioni ya dola. Kuanzia hapo mwanafunzi wa udaktari hakuwa tena mfadhili mkuu wa masomo yake. Alikuwa mgeni katika hospitali ambayo ingekuwapo hata kama yeye asingekuja.

Meno nayo yalipata taarifa yake mwaka 1926, iliyoandikwa na William Gies, mwanakemia wa Chuo Kikuu cha Columbia, kwa taasisi ile ile ya Carnegie. Gies alitaka mambo mawili ambayo, kwa maoni yangu, yalikuwa yakivutana. Alitaka tiba ya meno ihesabiwe sawa na tiba nyingine kwa hadhi na kwa elimu; na alitaka ibaki taaluma inayojitegemea. Hadhi ilipatikana, na masomo yakarefushwa na kuimarishwa. Fedha za namna ile iliyomfuata Flexner hazikuja kwa kiwango hicho. Taaluma ikabaki na uhuru wake na mzigo wake.

Msomaji ambaye hajawahi kuona chuo cha meno kwa ndani anahitaji maelezo kidogo hapa, maana siri ya ada imo humu. Mwanafunzi wa udaktari, akifika mwaka wa tatu, hupelekwa wodini. Kitanda, muuguzi, maabara na umeme vinalipiwa na bima za wagonjwa na serikali. Akihitimu bado hajaruhusiwa kujitegemea. Huingia katika mafunzo ya ubingwa ya miaka mitatu au zaidi, na humo hulipwa mshahara. Mwanafunzi wa meno hana wodi ya kupelekwa. Chuo chenyewe lazima kijenge kliniki, kiweke viti, kinunue ganzi na vifaa vya kuzibia, kiajiri wasaidizi, na kiwe na mwalimu wa kukagua kila jino kabla halijazibwa. Wagonjwa wanaokuja ni wale wasioweza kulipa bei ya mjini, nao hutozwa nafuu kwa sababu kazi ya mwanafunzi huchukua saa nyingi. Tena, katika majimbo mengi mhitimu wa meno anaruhusiwa kuanza kazi mara tu apatapo leseni, hivyo mkono wake lazima uwe umekomaa kabla ya mahafali. Ujifunzaji ambao daktari mwenzake ataufanya baadaye kwa mshahara, yeye anaufanya sasa kwa mkopo.

Hesabu za vyuo zinaonyesha hivyo. Ada za wanafunzi ni chini ya asilimia 5 ya mapato ya vyuo vya udaktari vya Marekani. Sehemu kubwa hutokana na matibabu na hospitali. Katika vyuo vya meno ada huchangia sehemu kubwa mara kadhaa kuliko hiyo.

Mwaka 1965 utengano huu uliandikwa katika sheria. Rais Lyndon Johnson alipotia saini sheria ya Medicare tarehe 30 Julai, wazee wa Marekani walipata bima ya hospitali, na hospitali za kufundishia zikapata mlipaji ambaye hadi leo huchangia mafunzo ya ubingwa kwa zaidi ya dola bilioni 10 kila mwaka. Sheria hiyo hiyo iliyaondoa matibabu ya kawaida ya meno. Fedha za Medicare haziendi moja kwa moja kulipa ada ya mwanafunzi, na ni vizuri kulisema hilo wazi. Lakini hulinda hospitali ambamo elimu yake hufanyika. Kliniki ya chuo cha meno haikupata ngao ya namna hiyo.

Kwa muda serikali ya Washington ilijaribu kuziba pengo. Sheria ya mwaka 1963, na baadaye ile ya 1971, zilitoa misaada kwa vyuo vya afya, vya meno vikiwamo, na ile ya pili ililipa kwa hesabu ya kila mwanafunzi aliyesajiliwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 malipo hayo yalikoma. Wakati huo waombaji walikuwa wakipungua pia, na mtu mwaminifu hawezi kubebesha sera lawama yote. Hata hivyo, kati ya 1986 na 2001 vyuo saba vya meno vilifungwa, vyote binafsi, vikiwamo vya Georgetown na Northwestern. Vilivyobaki vilipandisha ada.

Wafadhili wakubwa nao hufuata njia iliyokwisha kulimwa. Mwaka 2018 New York University iliwafutia ada wanafunzi wake wote wa udaktari, ilhali chuo chake cha meno kimeendelea kuwa miongoni mwa vile ghali kabisa nchini. Mwaka 2024 Michael Bloomberg aliipa Johns Hopkins dola bilioni 1, na wanafunzi wengi wa udaktari wa hapo sasa hawalipi ada. Hopkins haina chuo cha meno. Kile cha mwaka 1840, ambacho leo ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Maryland, kiko mji huo huo, na wanafunzi wake wanalipa.

Deni kubwa humlazimisha mtu kuchagua wagonjwa. Kijana anayedaiwa dola 300,000, na ambaye bado anahitaji mkopo mwingine ili afungue kliniki, hawezi kwa urahisi kwenda kijijini, wala kupokea watu wenye bima ya maskini ambayo hulipa kidogo. Februari 2007, katika jimbo hilo hilo la Maryland, mtoto wa miaka 12 alifariki baada ya usaha wa jino bovu kufika kwenye ubongo. Kung'oa jino lile kungegharimu kama dola 80. Familia ilikuwa imehangaika kutafuta daktari wa meno wa kuipokea. Kichwa kilipopasuliwa, kila mlango wa hospitali ulikuwa wazi, na gharama ikakadiriwa kufikia robo milioni ya dola.

Sasa zile herufi tatu. Muhimbili hutoa shahada ya DDS, jina lile lile lililobuniwa Baltimore, sambamba na MD. Nairobi hufuata mapokeo ya Kiingereza na kutoa BDS. Kwetu mwanafunzi huingia akitoka sekondari, husoma meno kwa miaka mitano, na dola bado ina mkono wake katika gharama. Mkono huo unaweza kulegea. Mfumo wa ufadhili uliotangazwa nchini Kenya mwaka 2023, ambao umepingwa mahakamani, unaanza na gharama ya kozi, kisha unaigawa kati ya ufadhili wa serikali, mkopo na familia. Kikokotoo cha namna hiyo hakitofautishi kozi iliyo ghali kwa asili yake na kozi ambayo hospitali haikuombwa kuibebea sehemu yake. Ofisa anayekijaza, awe Nairobi au Dodoma, na aulize kwanza, kabla ya kuandika tarakimu, kama kiti, taa, ganzi na mshahara wa msaidizi wa kliniki vimo katika bajeti ya hospitali ya rufaa, au vimehamishiwa kimyakimya katika ada ya kijana.