Waliojaza Mikutano, Wakaachwa Nje ya Daftari

Katikati ya mwaka 1955, John Hatch wa chama cha Labour cha Uingereza alifika Dar es Salaam akawauliza viongozi wa TANU, chama kilichodai uhuru wa Tanganyika: wanawake wenu wako wapi? Chama kilikuwa hakijatimiza hata mwaka, na tawi la wanawake halikuwapo. Jibu likatafutwa mtaani, akapatikana wa kuliongoza tawi hilo, Bibi Titi Mohamed, mwimbaji kiongozi wa kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba.

Chaguo hilo lilikuwa la maana kuliko wengi walivyotambua wakati ule. Vikundi vya ngoma na lelemama vya mjini vilikuwa na viongozi wake, michango yake na taratibu zake. Mwanamke mwenye harusi au msiba alijua mlango wa kupiga hodi. Bibi Titi na katibu wake, Tatu binti Mzee, waliwafuata viongozi wa vikundi hivyo mmoja mmoja. Kiongozi akikubali, wenzake humfuata. Julai mwaka huo wanawake wapatao 400 walikusanyika katika ukumbi wa Arnautoglo, Mnazi Mmoja. Kufikia Oktoba waliokuwa wamejiandikisha walikaribia 5,000.

Kuna jambo lingine ambalo simulizi nyingi hulipita haraka. Serikali ya kikoloni iliwakataza watumishi wake kujiunga na vyama vya siasa, hivyo karani aliyeonekana na kadi ya TANU alihatarisha kazi yake. Mwanamke aliyeuza vitumbua au kupika pombe hakuwa na mwajiri wa kumfukuza. Kutoajiriwa, ambako wakoloni walikuona kuwa unyonge, kulimpa nafasi ambayo mumewe hakuwa nayo.

Ndipo ikaja kura. Uchaguzi wa kwanza wa Baraza la Kutunga Sheria ulifanyika kwa awamu mbili, Septemba 1958 na Februari 1959, kwa utaratibu wa kura tatu: kila mpiga kura alimchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Kuingia kwenye daftari la wapiga kura kulihitaji kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au cheo kinachotambuliwa. Sheria haikumtaja mwanamke kwa kumkataza. Haikuwa na haja. Shule za wasichana zilikuwa chache, na faida ya chungu cha pombe haikuandikwa popote. TANU ilikubali masharti hayo kwa shingo upande katika mkutano wake wa Tabora, Januari 1958, uamuzi ulioitwa wa busara. Naukubali kuwa wa busara, lakini gharama yake ilibebwa zaidi na wale waliokuwa wakijaza mikutano.

Uchaguzi huo huo uliwaingiza wanawake barazani. Sophia Mustafa wa Arusha alishinda kiti cha Waasia. Lady Marion Chesham na Barbro Johansson, mwalimu kutoka Sweden, wakashinda viti vya Wazungu, wote wakiungwa mkono na TANU. Walifanya kazi ya kuheshimiwa. Hata hivyo, wanawake wa Kiafrika waliowajengea ngazi walibaki chini wakiishikilia.

Mvutano kuhusu kura ya wanawake ulikuwapo kwingine pwani pia. Mombasa, mwaka 1958, wanawake wa Kiarabu walimpelekea gavana ombi la kudai kura waliyokuwa nayo waume zao tu. Zanzibar, wanawake walikosa uchaguzi wa 1957, wakapiga kura Januari 1961.

Tanganyika ililegeza masharti mwaka 1960: kujua kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza kulitosha, au kipato cha pauni 75. Bibi Titi akawa mbunge wa Rufiji. Miaka mitano baadaye, katika uchaguzi wa 1965, kila mtu mzima aliruhusiwa kupiga kura, awe na shule au asiwe nayo. Wapiga kura wa Rufiji, wake kwa waume, wakamchagua mtu mwingine.