Hukumu ya Mwamuzi: Habari ya Mashindano ya Mpira wa Kikapu

Katika vijiji vyetu vya Bukoba na Muleba, shule mbili zikikutana kwa mpira wa miguu, lililo gumu kuliko kushindwa ni kuikubali hukumu ya mwamuzi. Likikataliwa bao, mara watazamaji huingia uwanjani, na pengine timu moja hutoka kwa hasira. Kwa hiyo nataka kuwasimulia wasomaji habari ya mashindano ya mbali, ambayo kijana wa nchi yetu alikuwamo.

Mchezo wa mpira wa kikapu ulianzishwa na mwalimu. Mwaka 1891 James Naismith, mzaliwa wa Kanada, alifundisha katika chuo cha Y.M.C.A., chama cha vijana Wakristo, mjini Springfield, Marekani. Wakati wa baridi vijana hawakuweza kucheza nje. Ndipo akatundika vikapu viwili vya matunda ukumbini, akaandika sheria 13. Baadaye mchezo ukaenea vyuoni. Vyuo vya huko hufanya miungano. Timu za kila muungano hushindana msimu mzima, kisha hukutana mahali pamoja, na ile ishindwayo mara moja huenda zake.

Muungano mmoja ni Big East, ulioanzishwa mwaka 1979. Machi 2009 timu zake zote 16 zilikusanyika New York. Katika timu ya Chuo Kikuu cha Connecticut alikuwamo Hasheem Thabeet, mzaliwa wa Dar es Salaam, mwenye urefu wa futi 7 na inchi 3. Usiku wa tarehe 12 walikutana na Syracuse. Walikuwa sawasawa, 71 kwa 71, na muda uliobaki ulikuwa kama sekunde moja tu. Eric Devendorf wa Syracuse akatupa mpira, ukaingia, wenzake wakashangilia. Lakini waamuzi walipotazama picha, waliona kwamba muda ulikwisha mpira ungali vidoleni mwake. Wakalifuta bao.

Syracuse hawakutoka uwanjani. Zikaongezwa dakika 5, wakawa sawa tena. Zikaongezwa hata mara 6. Katika nyongeza 5 za kwanza Syracuse hawakutangulia hata mara moja. Katika ile ya 6 walitangulia, wakashinda 127 kwa 117, na saa 7 ya usiku imekwisha kupita. Hivyo timu ya Thabeet, iliyookolewa na hukumu ile, ikashindwa. Nao Syracuse hawakulipata kombe, kwa maana siku ya mwisho walishindwa na Louisville.

Kama Syracuse wangaliondoka kwa hasira, wangalikwenda kwao na manung'uniko tu. Wahenga walisema, "Asiyekubali kushindwa si mshindani." Naye Mtume Paulo alimkumbusha Timotheo kwamba taji ni la yule azifuataye sheria za mchezo. Basi, walimu na wazazi wenzangu, watoto hututazama sisi tuliosimama kando. Siku mwamuzi atakapolikataa bao la shule yetu, na tukae nyuma ya mstari, watoto wamalize mchezo wao.