Grisi ya Liemba na Sabuni ya Mjomba

Wiki hii tuzungumze habari ya injini zilizochoka. Sisi watu wa Kigoma tunazijua vizuri.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 nilikuwa utingo katika lori la mjomba wangu, tukibeba dagaa na mawese kati ya Ujiji na Kasulu. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha, fedha za kigeni zilikuwa adimu, na kipuri kilikuwa kitu cha kuota usiku. Basi kila fundi akageuka mganga. Tangi la mafuta likivuja, tuliziba ufa kwa sabuni ya mawese. Rejeta ikitoboka, tulitia unga wa manjano, ukaenda kuganda penye tundu. Mkanda wa feni ukikatika, tulikata mpira wa ndani wa tairi, tukafunga, tukafika. Na injini ilipoanza kugonga kwa kuwa beringi zake zimelika, mjomba alichanganya grisi kidogo na oili ili iwe nzito. Kelele zikapungua. Tukafurahi sote.

Tulipopita bandarini, mjomba alizoea kunionyesha meli ya Liemba. Akisema, "Unaiona ile, mpwa wangu? Hata ile iliokolewa na grisi." Na kweli.

Meli hiyo iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913. Ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika masanduku 5,000 hivi, ikaletwa Dar es Salaam, kisha kwa reli mpaka huku. Ikaungwa upya Kigoma na kushushwa majini Februari 1915, ikiitwa Graf von Götzen. Julai 1916, Wabelgiji walipokaribia, Wajerumani waliamua kuizamisha wenyewe karibu na mlango wa mto Malagarasi. Lakini kabla ya kuizamisha, mafundi walizipaka injini zake grisi nene, kwa matumaini kwamba siku moja watairudia.

Hawakuirudia. Wabelgiji waliiinua, ikazama tena. Mwaka 1924 Waingereza wakaiinua, wakakuta injini na boila bado vinafaa. Mei 1927 ikaanza safari kwa jina la Liemba, na mitambo ileile ya mvuke ikaisukuma mpaka miaka ya 1970, ndipo ikafungwa injini za dizeli. Mwaka 1997 meli hiyo ilikuwa ikirudisha kwao maelfu ya wakimbizi wa Kongo.

Mjomba alikuwa sahihi kuhusu grisi, ila hadithi aliisimulia nusu. Grisi ya Wajerumani ilipakwa mashine nzima, isipate kutu. Ya mjomba ilitiwa kwenye mashine mgonjwa, isipate kulia. Tena Waingereza hawakuifuta grisi na kuwasha moto siku ya pili. Kati ya kuiinua na kuirudisha kazini ilipita miaka mitatu ya kufungua, kusafisha na kutengeneza. Grisi iliwapa muda, nao wakautumia muda huo.

Sisi muda wetu tuliula. Mjomba alipenda methali ya usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa tuliuziba, lakini kwa sabuni. Kila wiki alisema atashusha injini wiki ijayo. Ilipokuwa haigongi, tuliona imepona, tukaongeza magunia. Jioni moja, katika kilima cha njia ya Kasulu, konrodi ilikatika ikatoboa bloku. Oili ikamwagika barabarani kama damu ya ng'ombe. Lori lile halikuwaka tena. Mjomba, aliyekuwa akilisha nyumba tatu kwa lori hilo, alimaliza uzee wake akishona nyavu pale Ujiji.

Baadaye nami nilipata kuendesha. Viraka nimeviweka vingi, wala sivionei haya, maana bila viraka mizigo mingi isingefika. Lakini kila nilipoziba kitu, niliandika kwa chaki ndani ya mlango: nimeziba nini, lini, na siku ya kukitengeneza. Siku ikifika, gari halitoki, hata kama halilii.

Leo ukipanda gari lako, au ukiingia ofisini kwako, hebu tazama kilichozibwa kwa sabuni. Kisha jiulize, tarehe yake imeandikwa wapi?