Mkato wa Tano

Nilimfuta kijana kazi kwa kosa la mashini. Naanzia hapo kwa sababu bila yeye nisingewahi kujali historia ya msumeno huu.

Ilikuwa Gikomba, kwenye karakana ndogo niliyokuwa nikisimamia. Tulikuwa tumenunua msumeno wa meza ya kuteleza, mtumba kutoka Ujerumani. Wiki ya kwanza tukapata oda ya makabati ya jikoni. Milango ikakataa kukaa: juu inagusana, chini inaachana. Nikamwambia kijana aliyekuwa akikata, "Wewe hujui skwea ni nini." Akavua aproni, akaenda zake.

Jirani yetu, mzee anayechonga miguu ya viti, akaniuliza, "Umeipima hiyo mashini?"

"Ni ya Wajerumani, mzee."

"Najua. Umeipima?"

Sikuwa nimeipima. Niliiamini tu kwa sababu ya ilikotoka.

Mwaka 1777, Samuel Miller wa Southampton, Uingereza, alipata hataza ya mashini ya kupasulia mbao iliyotaja msumeno wa mviringo. Kwa miaka mingi baadaye, meza ilikaa tuli na fundi ndiye aliyesukuma mbao. Ubao mpana ukiyumba kidogo tu, mkato unapinda. Kisha mwaka 1906, mjini Berlin, Wilhelm Altendorf akaleta mfumo mwingine: meza yenyewe iteleze kando ya msumeno ikiwa imebeba ubao. Mkono wa fundi ukapunguziwa kazi ya kunyoosha. Kazi hiyo ikahamia kwa ule upau unaovuka meza, ambao ubao unauegemea. Upau ukiwa sawa, kila kona inatoka nyuzi 90. Ukihama, unakosea vilevile kila mara, na anayelaumiwa ni yule aliyeshika ubao.

Mzee alianza na meza, kuona kama inaenda sambamba na msumeno. Iko sawa. Kisha akachukua kipande cha bodi chakavu. Akakata upande wa kwanza, akaugeuza huo uliokatwa uegemee upau, akakata wa pili. Hivyo hivyo hadi wa nne. Mkato wa tano akaurudia ule upande wa kwanza, na safari hii akautunza ukanda uliokatika. Tukaupima: ncha moja milimita 20, ncha ya pili 24.

"Tofauti ni nne," akasema. "Gawa kwa nne, maana kosa limejirudia kwenye kila kona. Kila mkato unakosea milimita moja."

Moja! Kwa macho huioni. Lakini iweke kwenye milango sita iliyopangwa mstari mmoja, hata mteja asiyejua kushika nyundo ataiona. Tukalegeza boliti ya upau, tukausogeza kidogo sana, tukakaza, tukakata tena mara tano. Mara ya tatu, ncha zote mbili zikasoma sawa. Haikuchukua hata saa moja.

Jioni nikampigia kijana simu. Nikamweleza yote, upau, boliti, ile milimita. Nikamwomba msamaha na nikamwambia kazi yake ipo.

Alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Bosi, hiyo saa moja ya kupima, mbona hukuwa nayo kabla hujanifukuza?"

Hadi leo sijampa jibu. Lakini kila Jumatatu, kabla ya oda yoyote, nakata mara tano.