Dubu Mweusi wa Asia: Daraja Moja Halitoshi

Jike mzima wa dubu mweusi wa Asia anaweza kuwa na kilo 40 tu, ilhali dume aliyenona kwa ajili ya majira ya baridi huko Primorye, mashariki ya mbali ya Urusi, hufikia kilo 200. Wote wawili ni spishi ileile, Ursus thibetanus, na kwa kawaida wote wana alama kifuani, hilali ya rangi ya maziwa juu ya manyoya meusi. Katika orodha ya viumbe walio hatarini inayotunzwa na shirika la IUCN, spishi hii imewekwa katika daraja moja tangu mwaka 1990: ile ya wanyama wanaoelekea kwenye hatari ya kutoweka. Daraja hilo lina manufaa yake katika kudhibiti biashara ya kimataifa. Katika milima na misitu wanamoishi dubu wenyewe, hata hivyo, linapotosha, kwa kuwa linayapa jina moja makundi ambayo hatima zao zimeachana kabisa.

Mwili ndio mahali pa kuanzia, kwa sababu mwili wa dubu huyu ni hesabu ya chakula cha msitu wake. Urefu wake ni kati ya sentimita 120 na 190, masikio ni makubwa ya mviringo, na makucha mafupi yaliyopinda humfaa kukwea. Naye hukwea kweli. Akishafika juu ya mwaloni huvuta matawi, huyavunja, hula mbegu zake na kuyakalia yaliyobaki, hata mti ukaachwa na kitu kama kiota cha ndege mkubwa ajabu.

Majira ya vuli ndiyo yanayoamua mengi. Kwa wiki kadhaa dubu wa kaskazini hula mbegu za mialoni na za miti ya buna (beech), akijiwekea mafuta ya kumvusha kipupwe kizima bila chakula. Dume na jike hupandana wakati wa kiangazi, lakini kiinitete hakijipandikizi mara moja katika mji wa mimba; hungoja hadi baridi inapokaribia. Jike asiye na mafuta ya kutosha huenda asizae kabisa mwaka huo. Aliyeshiba hujifungua pangoni katikati ya baridi, kwa kawaida watoto wawili wenye gramu 300 au 400 hivi kila mmoja, na huwanyonyesha kutokana na akiba ya mwili wake. Kusini, katika misitu ya Thailand na Kambodia ambako chakula hakikatiki, dubu wengi hawalali usingizi wa kipupwe. Wanaojificha ni majike wenye mimba. Kwa hiyo hata biolojia ya msingi ya mnyama huyu, yaani uzito, usingizi na uzazi, hufuata mahali alipo.

Mahali hapo ni pengi. Wataalamu huwagawa dubu hawa katika nususpishi saba, kuanzia kusini-mashariki mwa Iran, kupitia Himalaya na Indochina, hadi Taiwan, Korea na Japani.

Upande wa magharibi kabisa yuko dubu wa Balochistan, mdogo wa umbo na mara nyingi mwenye manyoya ya kahawia. Kwa Waswahili eneo hilo si geni kabisa, kwani mababu wa Wabulushi wa Mombasa na Zanzibar walitoka pande hizo za Makran wakiwa askari wa watawala wa Oman. Hakuna misitu minene ya mialoni huko. Dubu hula tende, tini na matunda ya miti ya jamii ya mkunazi, na ukame unapokaza huteremkia mashamba ya wakulima, ambao nao hawana akiba ya kumgawia. Anachohitaji dubu huyu ni maji, njia salama kati ya bonde na bonde, na mkulima anayelipwa fidia anapopata hasara. Primorye mahitaji ni mengine. Huko dubu hulala ndani ya uwazi wa miti mikubwa mizee, mipopla na milindeni, wakijikinga na baridi na pia na chui milia wa Amur, ambaye huwala. Mkata mbao anayeangusha mti mzee wenye uwazi huangusha nyumba ambayo huchukua zaidi ya karne kujengeka, na hapo marufuku ya uwindaji peke yake haisaidii kitu.

Mfano ulio mzito zaidi unatoka Japani, kwa kuwa ndani ya nchi moja, chini ya serikali moja, spishi hii ina hali tatu zisizofanana. Kaskazini mwa kisiwa cha Honshu, hasa mkoani Akita, dubu ni wengi na wamekuwa janga la umma. Katika mwaka wa fedha wa 2023 watu 219 walishambuliwa nchini na sita wakafa, hesabu inayojumuisha pia dubu wa kahawia wa Hokkaido; dubu zaidi ya 9,000 wa aina zote mbili waliuawa. Vuli hiyo miti ya buna ilikosa mbegu karibu kote kaskazini, jambo ambalo miti hiyo hufanya kwa pamoja kila baada ya miaka kadhaa. Njaa hiyo, hata hivyo, ilikutana na vijiji vilivyobadilika. Vijana wamehamia mijini, wazee wamebaki wachache, mashamba ya pembezoni yamemea vichaka, na miti ya persimoni imesimama na matunda yasiyo na mchumaji. Mpaka uliokuwa ukiwatenga dubu na watu ulikuwa kazi ya mikono ya watu, na mikono hiyo haipo tena. Mwaka 2025 mashambulizi yaliongezeka tena, hata wanajeshi wakapelekwa Akita kusaidia kazi ya mitego.

Shikoku, kisiwa cha kusini, wamebaki dubu wapatao 20 katika milima iliyo karibu na Mlima Tsurugi. Misitu ya majani mapana ilikatwa na kupandwa mierezi na misipresi ya mbao, miti isiyomlisha dubu. Alipochuna magome yake alihesabiwa kuwa mharibifu, akawindwa. Kyushu, kisiwa cha jirani, serikali ilimtangaza kuwa ametoweka mwaka 2012. Mtu akiuliza kama dubu mweusi wa Japani yumo hatarini, jibu moja la kweli halipo.

Kumpoteza si hasara ya sura tu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 kutoka milima ya kati ya Japani ulionyesha kwamba dubu huzibeba mbegu za micheri ya porini na kuziacha, kwa wastani, mita 300 hivi juu zaidi ya mti mama. Dubu hufuata matunda yanavyoiva kuelekea kileleni, na hivyo huipandisha miti kwenye baridi wakati dunia inapoongeza joto. Mche wa mcheri hauwezi kujihamisha.

Korea Kusini iliielewa hoja ya makundi mapema. Mwaka 2004, ilipoanza kuwarudisha dubu katika hifadhi ya Jirisan, ilikuwa na dubu wengi vizimbani, uzao wa wale walioruhusiwa kuingizwa kuanzia 1981 kwa ajili ya ufugaji. Haikuwaachia hao, maana walikuwa na mchanganyiko wa asili za kigeni. Ililetewa dubu kutoka mashariki ya mbali ya Urusi, ndugu wa karibu wa wale waliokuwa wameangamizwa, na leo Jirisan ina zaidi ya 70. Dubu mmoja aliyeitwa KM-53 alihama mara kwa mara kwenda Mlima Sudosan, mbali na hifadhi, na mwaka 2018 akagongwa na basi barabarani. Alifanyiwa upasuaji, kisha wasimamizi wakamwachilia kulekule Sudosan alikokuwa amechagua. Ulikuwa uamuzi sahihi, kwa kuwa ulikubali kwamba kundi linalokua litahitaji ardhi iliyo nje ya mipaka ya hifadhi.

Yapo, hata hivyo, mambo ambayo kwayo spishi nzima inahitaji sheria moja, na kubwa kati ya hayo ni nyongo, inayouzwa kama dawa. Kibofu cha nyongo kikishakaushwa sokoni hakisemi kimetoka Balochistan au Laos. Ndiyo maana mkataba wa CITES ulifanya vyema kumweka dubu huyu katika Kiambatisho cha Kwanza, kinachokataza biashara yake ya kimataifa. Watetezi wa mashamba ya dubu nchini China hudai kwamba ufugaji wa dubu kwa ajili ya nyongo huwapunguzia mzigo dubu wa porini. Hoja hiyo ilijaribiwa Vietnam ikashindwa: mashamba yalijazwa dubu walionaswa msituni, na mwaka 2005 zaidi ya 4,000 walikuwa vizimbani huku misitu ikizidi kuwa mitupu. Tangu hapo idadi ya walio vizimbani imeshuka hadi chini ya 400, lakini wengi wa waliopungua walifia humohumo. Wala tiba haihitaji mateso ya vizimbani. Kiini chenye nguvu katika nyongo ya dubu, asidi ya ursodeoksikoliki, kimetengenezwa viwandani nchini Japani tangu miaka ya 1950, na malighafi yake hupatikana kwenye nyongo ya ng'ombe wa machinjioni. Madaktari huiagiza kila siku kwa wagonjwa wa ini. Korea Kusini imekataza ufugaji huo kisheria kuanzia Januari 2026.

Biashara, kwa hiyo, ibaki chini ya katazo moja, na usimamizi wa ardhi ufuate kila kundi peke yake. Akita inahitaji fedha za kuwalipa watu wafyeke vichaka na kuvuna persimoni, pamoja na wawindaji wenye mafunzo, na hakuna sababu ya kuona haya kuwapunguza dubu wanapozidi. Balochistan inahitaji makubaliano kati ya Iran na Pakistan, kwa kuwa milima hiyo haikatiki mpakani. Shikoku haiwezi kungoja. Kundi la dubu 20 huzaliana ndugu kwa ndugu, na miti ya majani mapana ikipandwa leo itachukua miongo kabla ya kulisha dubu. Kuleta majike kutoka Honshu kutachanganya ukoo wa kisiwa hicho, na wanasayansi wanaolipinga jambo hilo wana hoja ya haki. Lakini uzito wa hoja yao unapungua kila kipupwe kinachopita bila watoto wa kutosha kuzaliwa karibu na Mlima Tsurugi, na uamuzi huo ni wa kufanywa wakati bado kuna dubu wa Shikoku wa kuchanganya nao.